UZI: Anayerusha droni ya biashara awe na leseni ya rubani?

Wadau, huu mjadala umerudi tena na kama kawaida watu wamegawanyika pande mbili wanarushiana maneno. Upande mmoja: "Kila anayerusha droni kwa pesa awe na leseni kama rubani, basi." Upande wa pili: "Serikali inataka kuua kazi za vijana." Nimesoma majibu zaidi ya mia na sijaona mtu aliyeuliza hii sheria ilitoka wapi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kazi yangu ni kuchimba vitu kama hivi. Sitataja chama wala mwanasiasa. Vuta kiti.

Nianze na nilikotoka, manake itasaidia mbele. Natoka Samburu. Si ile kaunti ya kaskazini, la. Samburu ya Kwale, kule Kinango, kwenye barabara kuu ukitoka Mombasa, umepita Mariakani na hujafika Taru. Kila nikijitambulisha chuoni naulizwa shanga ziko wapi. Mimi Mduruma jamani.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ni mpiga picha. Miaka mitatu hivi iliyopita alinunua droni ya mkono wa pili, akaanza kupata kazi za harusi Ukunda na Diani. Pesa ya droni moja kwa siku moja ilikuwa inashinda wiki nzima ya picha za pasipoti. Halafu harusi moja ya mwezi wa kumi na mbili, kaskazi inavuma, akaishusha ipite chini ya minazi apate ile picha ya bibi harusi akitoka nje. Upepo ukaisukuma kwenye kuti, ikaanguka kwenye jamvi walipokaa akina mama. Vile vipanga vinavyozunguka vilimkata mtoto wa kike mkononi. Alishonwa nyuzi tatu. Wazee wakakaa, yakaisha kinyumbani, ndugu yangu akalipa dawa na akarudisha pesa ya harusi. Leseni hakuwa nayo. Bima hakuwa nayo. Na hakujua kama anatakiwa kuwa nazo.

Kwa hivyo mtu akiniambia leseni ni uonevu mtupu, namkumbuka yule mtoto. Lakini mtu akiniambia "sheria iko wazi, waifuate," nina maswali. Twende kwenye historia.

Watu wengi wanadhani sheria za ndege zisizo na rubani ni mambo ya juzi. Hapana. Mkataba wa Chicago, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani mpaka leo, ulitiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, na kifungu chake cha 8 kinasema ndege inayoweza kuruka bila rubani haitaruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalum ya nchi hiyo. 1944! Hakuna mtu aliyekuwa anapiga picha za harusi kutoka juu. Wazo lenyewe lilikuwa na umri kidogo, lilishaingizwa mwaka 1929 kwenye mkataba uliotangulia, ule wa Paris wa 1919. Lakini fikiria pia mwaka wenyewe. Mwezi Juni 1944 Ujerumani ilianza kurusha V-1 juu ya London, mabomu yenye mabawa yanayojiendesha bila mtu ndani. Miezi sita baadaye wajumbe wamekaa Chicago.

Naomba ushike hapo, manake ndipo uzi wote unapoanzia. Kifungu hicho hakikuuliza anayeongoza amesoma wapi. Kiliuliza: nani amekuruhusu kuingia kwenye anga yangu? Swali la kwanza la sheria kuhusu chombo kisicho na rubani lilikuwa la mamlaka ya dola. Usalama wa mtu aliyekaa kwenye jamvi haukuwa ndio hoja.

Sisi watu wa pwani tunalijua hili tangu zamani za majahazi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kwamba majahazi ya maji haya yawe na karatasi: bendera inayojulikana, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria. Sababu ilikuwa nzuri, kuzuia biashara ya watumwa. Lakini muda si muda vita vikawa vya karatasi zenyewe. Wafaransa walikuwa wanawapa manahodha wa Sur, kule Oman, bendera ya Ufaransa, na jahazi likipeperusha ile bendera, Waingereza hawawezi kulipekua ovyo. Waingereza wakakasirika, kesi ikaenda Hague, ikaamuliwa mwaka 1905. Swali kubwa pale lilikuwa nani ana haki ya kumpa nahodha karatasi. Kama nahodha anajua kusoma kusi na kaskazi, hilo halikuwa na mwenyewe. Ukienda Vanga au Shimoni leo ukaongea na wazee wa bahari, utaambiwa ujuzi ulirithiwa, karatasi zililetwa na wageni. (Sisemi karatasi zilikuwa mbaya. Kwa mtu aliyefungwa chini ya jahazi zilikuwa uhai. Nasema tu karatasi ina mambo mawili ndani yake, na tukiyachanganya tunapotea.)

Sasa tuje Kenya.

Mwaka 2014 hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, ilikuwa na mpango wa kutumia droni kulinda vifaru dhidi ya majangili. Ilikuwa imechangisha pesa kupitia intaneti. Serikali ikausimamisha. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ikatoa tangazo: hakuna kurusha droni bila idhini yake na kibali cha Wizara ya Ulinzi. Soma hapo tena. Wizara ya Ulinzi. Mpiga picha wa harusi anatakiwa aulizie jeshi.

Kabla hujacheka, kumbuka ilikuwa lini. Westgate ilikuwa Septemba 2013. Mpeketoni, hapa hapa pwani, Juni 2014. Garissa ingekuja Aprili 2015. Mtu aliyekuwa kwenye kiti cha usalama wakati ule angeidhinisha vipi maelfu ya macho yanayoruka? Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini nakumbuka vizuizi vya polisi barabara kuu, magari yakipekuliwa usiku. Hofu haikuwa ya kubuni. Ila matokeo yake ni kwamba Kenya iliingia kwenye suala la droni kupitia mlango wa ulinzi, na mpaka leo bado tumesimama mlangoni hapo.

Jirani zetu walipita mlango mwingine. Rwanda ilitunga kanuni zake mapema, na Oktoba 2016 droni za Zipline zikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga. Mwaka huo huo Zanzibar ikaanza kupiga ramani ya visiwa vyote kwa droni, Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, walifundishwa kuzirusha wenyewe. Wanafunzi! Nikiangalia migogoro ya ardhi ya Kwale, mashamba ambayo watu wamezikwa babu na babu na hakuna hati, naona uchungu kidogo.

Kenya ilijaribu. Mwaka 2017 zikachapishwa kanuni za kwanza za droni. Wengi walidhani mambo yamekwisha, wakaagiza vifaa. Mwaka 2018 Bunge likazibatilisha, na moja ya hoja ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tukarudi tulikotoka. Zikaja nyingine mwisho wa Machi 2020, wakati nchi imeshikwa na korona na hakuna aliyekuwa na hamu ya kusoma gazeti la serikali. Hizo ndizo tulizo nazo.

Kwa ufupi zinasema hivi. Droni isajiliwe. Shughuli zimegawanywa kwa kiwango cha hatari: ndogo, ya kati, kubwa. Usipite futi 400 kutoka ardhini. Kaa angalau mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini yako. Usikaribie uwanja wa ndege: kilomita 10 kwa viwanja vikubwa, 7 kwa vidogo. Ukifanya biashara, unahitaji leseni ya rubani wa mbali, na biashara yenyewe iwe na cheti chake. Leseni hutolewa kwa aliyefika miaka 18, amepita mafunzo kwenye chuo kilichoidhinishwa na amefaulu mtihani.

Sasa chukua ramani uiweke Ukunda. Uwanja wa ndege uko pale kando ya barabara, hoteli za Diani ziko kilomita chache tu upande wa bahari. Chora duara la kilomita 7. Sehemu kubwa ya harusi zote za ufuoni ziko ndani, na uzione vile video za harusi za Diani zilivyojaa picha za kutoka juu. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba shida yetu ni kukosa sheria.

Na hatari ni ya kweli, tusidanganyane. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa sababu watu waliripoti kuona droni. Safari zipatazo 1,000 ziliathirika, abiria kama 140,000. Droni yenyewe haikupatikana, na aliyeirusha hakujulikana. Ukunda zinatua ndege za abiria kutoka Nairobi kila siku. Ndege ikiwa imeshashuka kutua, futi 400 si mbali.

Hapa ndipo wale wa "leseni kama rubani" wanaposema: unaona! Sawa, lakini ngoja. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson ikielekea Diani, watu 44 ndani, iligongana angani na Cessna ndogo ya mafunzo karibu na mbuga ya Nairobi. Dash ilirudi salama. Waliokuwa kwenye Cessna, mwalimu na mwanafunzi wake, walifariki. Ndege zote mbili zilikuwa chini ya marubani waliosomea kazi yao. Silinganishi na droni, na sitaki kuwakosea heshima marehemu. Nasema leseni haishiki anga peke yake. Kinachoshika anga ni utaratibu: nani yuko wapi, saa ngapi, na nani amemwambia nani.

Sasa lile swali lenyewe, leseni ya rubani. Wamarekani walilijaribu kweli kweli, na hii ndiyo sehemu ninayotamani wabishani wetu waisome. Kuanzia Septemba 2014 mamlaka yao ya anga, FAA, ilianza kutoa ruhusa moja moja kwa kampuni zinazotaka kutumia droni kibiashara. Sharti mojawapo: anayerusha awe na leseni ya urubani wa ndege ya kawaida, ile ya kukaa ndani. Yaani mtu wa kupiga picha za nyumba ya kuuza alitakiwa kwanza ajifunze kutua na ndege yenye injini na magurudumu. Kwenye mtihani huo unafundishwa vitu vizuri, hali ya hewa, ramani za anga, mawasiliano ya redio. Lakini unalipia saa nyingi za kukaa ndani ya ndege, na hizo saa hazikufundishi namna ya kuitoa droni chini ya mnazi.

Waliona haiendi. Agosti 2016 wakabadilisha. Kuanzia hapo anayetaka kurusha droni ndogo kwa pesa anafanya mtihani wa nadharia: maswali 60, kufaulu ni asilimia 70, umri kuanzia miaka 16. Wakatoa urubani wa ndege, wakabakisha maarifa ya anga. Kwa hiyo mtu akikuambia "hata Marekani wanataka leseni ya rubani," muulize anaongelea mwaka gani.

Mimi msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunichapa kwenye majibu. Leseni iwepo kwa anayerusha kwa pesa juu ya watu au karibu na uwanja wa ndege. Iwepo, na iambatane na bima, manake yule mtoto wa Ukunda alitibiwa kwa sababu ndugu yangu ana aibu, si kwa sababu sheria ilimlinda. Lakini isiwe leseni ya rubani kwa maana ya zamani. Na kwa shughuli ya hatari ndogo, mtu yuko shambani kwake, droni ya gramu mia kadhaa, hakuna nyumba karibu, usajili na somo fupi vinatosha.

Hili la shamba si mfano wa darasani. Kwetu Samburu tuko karibu na Tsavo. Tembo wakitoka, mahindi ya msimu mzima yanaisha usiku mmoja, na watu wanatoka na tochi na madebe kuwafukuza. Kuna waliokufa hivyo. Tanzania, karibu na Tarangire na Serengeti, walinzi wa wanyama walijaribu droni kuwarudisha tembo kutoka mashambani, na tembo walikuwa wanakimbia ile sauti, wanaidhania nyuki. Mjomba wangu nilipomsimulia alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza bei. Halafu akauliza swali ambalo sijapata kulisikia kwenye mjadala wowote wa runinga: "Na polisi wakiniona nayo?"

Hiyo "wakiniona nayo" ndiyo inanisumbua. Tumeshaipitia hii na bodaboda. Mwaka 2008 kodi ya VAT ikaondolewa kwenye pikipiki ndogo, zikamwagika nchi nzima, vijana wakapata kazi. Leseni na mafunzo vikawa vinafuata nyuma vikihema. Mpaka leo kijijini kwetu wanaoendesha bila leseni ni wengi, na sheria wanaijua vizuri tu. Wanaijua kama kitu cha kumalizana nacho kizuizini. Ukiweka leseni ambayo watu hawawezi kuipata, hujapunguza wanaoruka. Umeongeza wanaojificha, na anayejificha hawezi kupiga simu uwanja wa ndege aulize kama kuna ndege inatua.

Na kuipata ni shida ya kweli. Chuo cha anga cha serikali kiko Embakasi. Kutoka Samburu hiyo ni zaidi ya kilomita 400. Nauli, malazi, ada, siku za kazi ulizokosa. Kijana wa Nairobi anapanda matatu moja. Kwa hiyo leseni ile ile, kwenye karatasi ni sawa kwa Wakenya wote, ukifika Kinango inageuka kuwa ya watu wa mjini. Hapo namkumbuka yule nahodha wa Sur. Ujuzi anao au anaweza kuupata, karatasi iko mbali. Kwale kuna vyuo vya ufundi, vina madarasa, vina umeme. Mtihani wa maswali ya nadharia haushindikani kufanyika hapo mara mbili kwa mwaka.

Kitu kimoja kidogo nikigusie haraka. Wengi wanaotaka leseni kali ukiwasikiliza vizuri hawaogopi kuangukiwa, wanaogopa kuchunguliwa. Droni imesimama juu ya ua wakati mama anaoga. Ni hofu halali kabisa, na kwetu pwani ni jambo la heshima ya nyumba. Lakini hiyo ina sheria yake, ya ulinzi wa data, ya mwaka 2019. Rubani mwenye leseni safi anaweza kukuchungulia vilevile.

Ndugu yangu hajarusha tangu siku ile. Droni iko kabatini, betri zimeanza kuvimba. Juzi amepigiwa simu, kuna harusi Msambweni, wanataka picha za juu na wana pesa. Msambweni iko mbali na uwanja wa Ukunda, kwa hiyo kwa umbali hana tatizo. Kwa leseni anayo. Akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye msomi, sheria inasemaje?" Nikamtumia kanuni zote za 2020 kwenye simu. Akakaa nazo jioni nzima, usiku akanijibu kwa sauti, nasikia panzi nyuma yake: "Nimefika ukurasa wa nane. Hakuna ya Kiswahili?"

Nimeanza kumtafsiria. Niko kwenye kile kipande cha mita 50. Mwenye uzoefu wa kuomba leseni akiwa nje ya Nairobi aniandikie hapa chini, hasa gharama zote na siku alizosubiri, nitaziongeza kwenye uzi.